Dawa ya Asubuhi

Tresa Estep alikuwa na miaka arobaini na minane alipomaliza masomo ya uuguzi kwenye chuo cha ufundi cha wilaya, na darasani hakukuwa na wa kumkaribia kwa umri ila mwalimu mwenyewe. Wenzake walikuwa mabinti waliotoka sekondari juzi. Walimwita Shangazi, mwanzoni kwa kumtania, baadaye kwa sababu ni yeye aliyejua kumgeuza mgonjwa mzito bila kujivunja mgongo.

Ujuzi huo aliupata kazini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa msaidizi kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu na daraja la reli: anaogesha, analisha, anabadilisha mashuka, anawashika mkono kwenda chooni. Dawa hakuruhusiwa kugusa. Hiyo ilikuwa kazi ya manesi.

Kilichompeleka shule ni kifo cha baba yake. Mzee Denver Estep alichimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja, akatoka mgodini na vumbi kifuani na moyo uliochoka. Wiki kumi za mwisho Tresa alimwuguza nyumbani, akisaidiana na mama yake, na siku ya maziko watu wa kanisani walimshika mkono mmoja baada ya mwingine. "Wewe ni nesi tayari," walimwambia. "Umekosa karatasi tu." Maneno hayo yalimkaa. Miaka mitatu baadaye akajiandikisha.

Sasa masomo yalikuwa yamekwisha, ukabaki mtihani wa leseni. Ni mtihani wa ajabu kidogo. Unakaa peke yako mbele ya kompyuta, na kila ukijibu vizuri inakuletea swali gumu zaidi. Inaweza kukukatia kwenye swali la themanini na tano, inaweza kukuburuza mpaka la mia moja na hamsini, na inapozima huna habari kama imezima kwa heri au kwa shari. Tresa alipangiwa Jumanne ya tarehe kumi na tatu Juni, kule Charleston, mji mkuu wa jimbo, mwendo wa saa mbili kwa barabara ya milimani.

Alifanya kazi zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alikwenda kusomea kwa mama yake. Bi Oleta Estep aliishi peke yake mwisho wa bonde, kwenye nyumba ile ile alikoolewa. Alikuwa na miaka sabini na sita. Aliacha shule darasa la nane, lakini kazi ya kushika kadi za maswali aliipenda kuliko kitu chochote alichokuwa amefanya tangu awe mjane. Alivaa miwani, akaweka kioo cha kukuzia maandishi mkononi, akakaa wima kama hakimu.

"Hili linaanza na M," alisema asubuhi moja, "halafu herufi zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Nitakuonyesha, wewe ulitamke."

"Mama, ukinionyesha nitaona na jibu."

"Basi funga jicho moja."

Tresa akacheka, akachungulia. "Metoprolol. Inashusha presha, inapunguza kasi ya moyo. Nahesabu mapigo kabla ya kumpa mgonjwa."

"Na yakiwa chini ya sitini?"

"Simpi. Namwarifu nesi mkuu."

"Baada ya mwaka mzima shuleni bado unamwita nesi mwingine?"

"Bado, Mama."

"Basi wamekuibia."

Hivyo ndivyo walivyosoma, wiki baada ya wiki, kahawa ikipoa mezani.

Kulikuwa na sura moja ya kitabu ambayo Tresa alikuwa akiikwepa, sura ya dawa za moyo. Darasa lilipoisoma, yeye alikuwa kitandani siku tano na homa ya mapafu. Baadaye aliazima daftari la mwenzake, akanakili juu juu, akafunga. Alijiambia kwamba ni uvivu, ingawa sababu aliijua: moyo ndio uliomchukua baba yake, na hakutaka kuusoma. Lakini Mei ilikuwa imefika, siku zinakwisha, na Jumanne moja ya mvua akaifungua.

Bi Oleta alikuwa amempa mgongo, anakaanga matufaha kwenye kikaango cha chuma, mkate wa mahindi uko ndani ya jiko. Tresa alisoma dawa moja, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa digoksini. Alilikumbuka jina hilo. Lilikuwa kwenye karatasi ambayo hospitali iliwapa Desemba ile walipomruhusu baba yake kurudi nyumbani: digoksini, kidonge kimoja, asubuhi. Karatasi hiyo aliibandika mwenyewe kwenye mlango wa friji, na kila asubuhi saa mbili, akitoka zamu ya usiku, alipitia hapa, akafungua chupa mpya na kumpa baba yake kidonge kimoja.

Pembeni ya jina hilo kitabu kiliandika jina la pili, lile la kiwandani, linaloandikwa kwenye baadhi ya chupa. Ni dawa ile ile.

Na jina hilo pia alilijua. Lilikuwa kwenye chupa nyingine, ya zamani, iliyokuwa ikija kwa posta miaka na miaka, na makao yake yalikuwa kabati la juu ya jiko, kando ya chumvi.

Akaendelea kusoma kwa sababu macho yalikataa kutoka. Dawa hii mgonjwa akizidishiwa hukosa hamu ya kula. Hutapika. Huchoka, huchanganyikiwa, moyo wake hupiga taratibu mno. Huweza kuona duara la njano kuzunguka taa.

Matufaha yalikuwa yakitatarika kwenye mafuta. Tresa alijisikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, asubuhi zile Baba alipokuwa mgonjwa, kabla mimi sijafika, alikuwa anakula kitu?"

"Kula? Alikuwa anakula basi? Kahawa nusu kikombe. Kahawa na kidonge chake cha moyo."

"Kidonge kipi?"

"Chake cha siku zote." Bi Oleta alielekeza mwiko juu, kwenye kabati, bila kugeuka. "Kile alichomeza tangu astaafu. Nilikuwa nampa saa kumi na mbili akiamka tu, maana ukichelewa alikuwa anakuuliza. Kwa nini?"

"Swali tu," Tresa alisema.

Alikula matufaha yote aliyowekewa. Alisema yalikuwa matamu. Kisha akasema zamu yake imesogezwa mbele, akatoka, akaingia kwenye pikapu yake, akaendesha mpaka kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa pale njia panda, akasimamisha gari na kukaa mvua ikigonga paa.

Wiki kumi. Siku sabini, ukitoa chache. Vidonge viwili kila siku kwa mzee mwenye figo zilizochakaa. Alikumbuka namna baba yake alivyosukuma sahani akisema chakula kina ladha ya chuma. Alikumbuka alivyolala kwenye kiti chake cha kuegemea mchana kutwa, mdomo wazi, na wao wakishukuru kwamba anapumzika. Zaidi alikumbuka jioni moja ya Februari, wako watatu jikoni, baba yake akaitazama taa ya dari kwa muda, akasema, "Oleta, mbona taa umeivika taji?"

"Taji gani?"

"La njano. Kama picha za watakatifu."

Wakacheka. Yeye mwenyewe Denver alicheka mpaka akakohoa. Ikawa utani wa nyumbani, akiingia mgeni wanamwambia, "Mzee siku hizi anaona malaika." Tarehe nne Machi alikufa kwenye kiti kile kile, saa nne asubuhi. Daktari alisema moyo ulikuwa umefika mwisho. Hakuna aliyeshangaa.

Alhamisi ya wiki ile ya mvua Tresa hakwenda kwa mama yake. Alikwenda chuoni, akamsubiri mwalimu amalize darasa la marudio. Bi Wanda Sizemore alifanya kazi wodini miaka thelathini kabla ya kufundisha, na alikuwa mtu wa maneno machache yasiyolainishwa. Walikaa kwenye chumba cha mazoezi, katikati ya vitanda vilivyolaliwa na midoli mikubwa ya plastiki iliyofunikwa mashuka mpaka kidevuni. Tresa akasimulia yote bila kulia.

"Umri wake?" mwalimu aliuliza mwishoni.

"Sabini na sita."

"Figo?"

"Mbovu. Na mapafu."

Bi Sizemore alivua miwani, akaisugua kwa upindo wa koti. "Sikiliza. Yule mgonjwa angeweza kufa mwezi ule ule hata bila kidonge cha pili. Vilevile vidonge viwili vinaweza kumwua mtu wa hali ile. Hakupimwa damu, hakufanyiwa uchunguzi. Kwa hiyo hutajua. Mtu akikwambia si hivyo vidonge, anakubembeleza. Akikwambia ni hivyo, anabahatisha."

"Nilikuwa nimemshika mkono kila asubuhi. Sikuhesabu mapigo hata siku moja."

"Ulikuwa binti yake. Hakuna aliyekufundisha kuhesabu. Siku anatoka hospitali, mtu mwenye leseni alitakiwa akae na ninyi wawili, awaulize, nyumbani mna chupa gani, zileteni hapa nizione. Aliwauliza?"

"Walitupa karatasi. Walikuwa na haraka, kitanda kilikuwa kinasubiriwa."

"Basi," mwalimu alisema, na hasira ilipita usoni mwake, ikatoka. "Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Mama yako simjui, Tresa. Nisingependa kukudanganya." Akavaa miwani. "Mtihani ni tarehe ngapi?"

"Kumi na tatu Juni. Nafikiria kuusogeza."

"Usogeze kama hujui majibu. Kwa hili usiusogeze. Hili litakuwa lipo tu hata Septemba."

Tresa aliamua kunyamaza. Alirudi kwenye meza ya mama yake Ijumaa, na asubuhi zilizofuata, kama kawaida. Ile kadi ya digoksini aliitoa kwenye kifurushi, akaificha ndani ya gari, nyuma ya kizuia jua. Alijibu maswali. Alicheka mahali pa kucheka. Lakini Bi Oleta alimzaa huyu mtu, na alikuwa amempikia miaka arobaini na minane, na aliona kwamba anatafuna bila kuonja. Na swali lile la asubuhi ya mvua halikumtoka kichwani. Kidonge kipi?

Jumapili ya tarehe ishirini na moja, baada ya ibada, Tresa aliingia jikoni akakuta jiko limezimwa. Mama yake hakuwa amepika. Hilo peke yake lilimtisha. Mezani kulikuwa na chupa ya dawa, ile ya zamani, mfuniko wake umefifia rangi. Bi Oleta hakuwahi kutupa dawa maishani mwake.

"Kaa," alisema.

"Mama..."

"Kaa kwanza. Jana nilimpigia mfamasia. Nikamsomea lebo herufi kwa herufi. Akaniambia, Bi Estep, dawa hiyo ina jina lingine. Nikamwambia anitajie hilo jina lingine. Alipolitaja nikaiona ile karatasi yako kwenye friji, kama bado ipo."

Tresa alikaa.

"Ulijua lini?"

"Jumanne ile ya mvua."

"Umekula mezani kwangu karibu wiki mbili umelifungia mdomoni."

"Sikutaka uumie."

"Na wewe ulitaka uumie peke yako, nani kakupa hiyo kazi?" Sauti ya Bi Oleta haikupanda. Afadhali ingepanda. "Mimi ndiye nilimpa. Kwa mkono huu. Na maji nikamshikia."

"Na mimi nilimpa. Kwa mkono huu."

"Wewe ulipewa karatasi. Mimi hakuna aliyeniuliza kitu. Daktari hakuniuliza, hospitali haikuniuliza. Wewe nawe hukuniuliza. Uliingia humu kila asubuhi na chupa yako kama mimi ni fanicha."

"Na wewe ulikuwa unaniona nampa, Mama. Kila siku ulikuwa unaniona. Hukuniuliza ni nini."

Lilimtoka kabla hajalipima. Angelirudisha kama lingerudi.

"Nilidhani ni ya kifua," mama yake alisema. "Mlikuja na dawa nyingi siku ile. Nilidhani zako zote ni za kifua." Akaisukuma chupa kidogo kwa kidole, kama mtu anayesukuma kitu kisicho chake. "Miaka minne najiambia, angalau tulimtunza. Nikizinduka usingizini hilo ndilo linalonirudisha. Angalau Denver alitunzwa. Sasa nilale na nini?"

Tresa alinyoosha mkono. Mama yake akauondoa wake mezani.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Sina ugomvi na wewe. Nataka nikae mwenyewe na huyu mzee."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Tresa alipiga simu kila siku. Mama yake aliipokea, akasema yuko salama, amekula, akakata. Tresa alisomea ndani ya pikapu kwenye maegesho ya nyumba ya wazee, kitabu kikiegemea usukani, na mara nyingi alijikuta amesoma ukurasa mzima pasipo kuambulia neno. Kazini alimpa mzee mmoja uji, akajikuta ameshika kifundo cha mkono wake na anahesabu, midomo inacheza. "Vipi, unataka ndoa?" yule mzee akamwuliza. "Maana umenishika muda mrefu."

"Nilikuwa naangalia kama upo hai, Bwana Vance."

"Nipo. Kwa kujilazimisha."

Jumapili ya mwisho wa Mei ni siku ya kupamba makaburi. Akina Estep wote walio karibu hupanda mlimani, kwenye makaburi ya ukoo yaliyo juu ya bonde, wakiwa na reki, mafyekeo, ndoo za maua ya plastiki na vyakula vya kutosha kulisha watu mara tatu ya idadi yao. Turubai hufungwa kwenye miti, mchungaji huomba, kisha watu hula. Tresa alifika mapema, akafyeka nyasi kuzunguka jiwe la baba yake, akaling'oa gugu lililokuwa limetambaa juu ya tarehe. Mama yake alikuja na gari la binamu. Alisalimia kila mtu. Akawapakulia watu saladi ya viazi. Watu walipokwisha kushiba na mazungumzo yakageuka kuwa ya mvua na barabara, akaja taratibu kupitia kati ya makaburi, akashika bega la Tresa ili asianguke, akasimama mbele ya jiwe.

"Denver," alisema, kwa sauti ile ile ambayo angemwitia chakula. "Tulikuwa tunakupa mara mbili. Mimi saa kumi na mbili, huyu saa mbili. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Nilitaka ulisikie kwangu."

Upepo ulikuwa unapiga turubai. Tresa alikuwa anatazama chini na hakuweza kuinua uso.

"Sijui kama ndiyo iliyokuua," Bi Oleta akaendelea. "Mtu wa mgodi kama wewe, kulikuwa na vitu vingi vya kukuua. Lakini ulituambia taa ina taji, tukacheka. Kwa hilo nisamehe."

Alimaliza. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mwalimu wako anasemaje? Najua ulimwambia. Wewe huwezi kukaa na kitu peke yako, ni mimi tu ulinificha."

"Anasema hatutajua kamwe."

"Hilo ndilo baya kuliko yote."

"Ndiyo, Mama."

"Umesoma wiki hii?"

"Kidogo. Kwenye gari."

"Kidogo ni nini?"

"Si kitu. Nikifungua kitabu namwona yeye. Sidhani kama nastahili hata kukaa kwenye huo mtihani."

Bi Oleta alimtazama kwa namna aliyomtazama alipokuwa na miaka sita na amerudi na kiatu kimoja. "Nimezihesabu kadi zako," alisema. "Imepungua moja. Kesho njoo saa mbili, uje nayo."

Kesho yake palikuwa na skonzi na mchuzi wa soseji. Mama yake alivaa miwani, akashika kioo chake. Alimpitisha kwenye kadi zote, za sukari, za maambukizi, za vidonda vya kulala, za watoto wachanga. Ile moja aliiacha mwisho.

"Mgonjwa wako anameza digoksini," alisoma. Jina alilitamka sawasawa, alikuwa amejifunza. "Anasema chakula hakimpandi. Anasema taa ina duara la njano. Utafanya nini?"

"Simpi dawa," Tresa alisema. "Nasikiliza moyo dakika nzima, nahesabu. Namwarifu nesi mkuu na daktari sasa hivi, damu ipimwe." Akavuta pumzi. "Na nawauliza watu wa nyumbani kwake wanampa nini."

Bi Oleta aligeuza kadi, akaisoma nyuma, kioo kikipita juu ya mstari mmoja mmoja. "Hiyo ya mwisho haimo."

"Najua."

"Iandike."

Tresa akachukua kalamu akaiandika. Halafu wote wawili walilia, kila mmoja upande wake wa meza, na skonzi zikapoa.

Walisoma siku zote zilizobaki. Hawakupatana kwa maneno. Mambo hayo huku kwetu hayasemwi sana. Kuna asubuhi Bi Oleta alikuwa mkali bila sababu, na kuna asubuhi alisimama katikati ya swali, akaenda barazani, akarudi baada ya robo saa na kusema, "Endelea." Tresa aliendelea.

Tarehe kumi na tatu mama yake alikataa kubaki. "Nitakaa garini," alisema. "Simsumbui mtu." Walitoka alfajiri, ukungu bado umelala mabondeni, wakafika Charleston nusu saa kabla ya wakati. Ndani, Tresa alitoa kila kitu mifukoni, akageuza mifuko yenyewe, akaweka saa na pete kwenye kabati dogo, akaweka kiganja juu ya mashine iliyokisoma mishipa kuhakikisha kwamba ni yeye. Mwanamke wa mapokezi alimwambia, "Bahati njema, mpenzi," kwa sauti ya mtu aliyeisema mara arobaini tangu asubuhi.

Alikuwa amejiandaa kuikuta dawa ile. Alishajiambia namna atakavyopumua. Haikuja. Aliulizwa kuhusu mama aliyejifungua jana na damu haikomi, kuhusu mtoto aliyeungua, kuhusu wagonjwa wanne wanaoita kwa wakati mmoja na yupi aanze naye. Aliulizwa afanye nini nesi mwenzake akiingia zamu akinuka pombe. Swali la sitini likapita, la themanini na tano likapita na kompyuta ikaendelea. La tisini na mbili lilimwuliza jambo dogo la kubadilisha bandeji. Akajibu. Kioo cha kompyuta kikawa cheupe.

Mama yake alikuwa amelala kwenye pikapu, dirisha wazi, mkoba mapajani. Tresa alisimama nje akimtazama kifua kikipanda na kushuka, mpaka akaridhika, ndipo akafungua mlango.

"Imekwisha?" Bi Oleta aliuliza, akijiweka sawa.

"Imekwisha."

"Walikuuliza?"

"Hapana. Hata mara moja."

Mama yake alilifikiria hilo. "Sawa," alisema. "Nina njaa." Wakaenda kula mikate ya soseji yenye nyama ya pilipili na kabichi, kwenye benchi kando ya mto, na Bi Oleta akalalamika kwamba kabichi ya mjini haina chumvi.

Jibu lilitoka Alhamisi. Tresa aliliona kwenye simu akiwa kwenye chumba cha mashuka, amesimama kati ya rafu mbili, dakika kumi kabla zamu haijaanza. Alilisoma mara tatu. Msaidizi mwenzake, Kendra, alichungulia mlangoni akamwona uso.

"Nani kafa?"

"Nimefaulu."

"Sura gani hiyo ya kufaulu?" Kendra alimkumbatia na furushi la taulo katikati yao. "Sasa tukupigie saluti? Mimi sipigi, nakwambia mapema."

Tresa aliomba ruhusa ya saa moja, akaendesha kwenda bondeni. Mama yake alikuwa bustanini nyuma ya nyumba, kofia ya majani kichwani, anapalilia maharagwe. Aliona pikapu, akajua, maana siku ya kazi Tresa haji saa hizi. Hakuacha jembe.

"Ehe?"

"Nimefaulu, Mama."

Bi Oleta alipalilia mpaka mwisho wa tuta, kisha akajiegemeza kwenye mpini, akajifuta uso kwa aproni. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

"Mbona umesimama kama umefeli?"

"Nilidhani nitafurahi zaidi."

"Mimi nimefurahi," mama yake alisema. Alikuwa analia na hakujificha. "Nimefurahi, Tresa. Wewe utafuata."

Tresa alivua viatu vyake vyeupe vya kazini, akaviweka juu ya ngazi ya nyuma, akachukua jembe la pili lililoegemea uzio. Ilikuwa imebaki nusu saa ya ruhusa yake. Wakaanza tuta jingine, mmoja huku, mwingine kule.